Spika ya Bwana Felisiani

Mimi si mwizi wa maneno ya watu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wako watu hapa Oldeani ambao hata leo wakiniona napita hushusha sauti, na kila mmoja wao ninamjua kwa jina. Huwa nawasalimu kwa nguvu makusudi, nikawaangalia usoni mpaka waone haya. Uchungu wangu sijawahi kuuficha na sioni sababu ya kuanza kuuficha leo.

Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni ikikatwa kwa uzi ndiyo igawanywe, sukari tukiisikia redioni tu. Jina langu ni Germana, lakini kwenye kambi ya vibarua wote waliniita Mama Clemensi. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na Clemensi yuko sekondari ya bweni. Mimi nilikuwa kibarua wa kuchambua kahawa kwenye shamba moja kubwa huku juu, karibu na msitu, mahali ambapo asubuhi huoni mbuni wa pili kwa ukungu. Sikuwa na mtu mwingine karibu ila majirani, na majirani zangu ndio hao hao niliokaa nao mezani kutwa nzima.

Lazima niieleze meza hiyo, maana bila hiyo hutaelewa nilichoibiwa. Ilikuwa meza ndefu ya mbao katikati ya banda la bati. Kahawa kavu inamwagwa juu, wanawake tunakaa pande zote mbili, tunatoa zilizo nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mikono ikishazoea haimsumbui tena mwenye nayo. Kichwa kinakuwa huru, na mdomo nao. Pale tulisema mambo ambayo padri hakuyasikia, mume hakuyasikia, na mama mkwe ndiyo kabisa. Nani amepitisha siku zake. Nani mumewe karudi kutoka Arusha na ugonjwa wa aibu. Nani anapigwa, na apakwe nini pale palipovimba. Ukilisema pale limesemwa, likafagiwa pamoja na takataka za kahawa jioni. Hatukuwa tumeapishana. Lakini hakuna aliyewahi kulitoa neno nje ya banda lile, miaka yote niliyokaa pale.

Mkubwa wetu alikuwa Bibi Lukresia, mwanamke mwenye kikohozi cha kujulikana kijiji kizima, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa kambi. Alikuwapo Naeku, Mmasai aliyeolewa na dereva wetu wa trekta. Kwao ni Ngorongoro, watu waliohamishwa kutoka kule chini kreta na mifugo yao. Kiiraqw chetu alikiokota pale pale mezani, na alikuwa akikisema kwa namna iliyotuvunja mbavu. Na alikuwapo Leonida, mdogo wetu, bado bibi harusi. Mumewe alianguka kutoka kwenye lori la shamba akaumia mgongo, akawa mtu wa kulala. Kilichopatikana kwa mikono ya Leonida ndicho walichokula wote wawili.

Sasa aje Felisiani. Felisiani ni mtoto wa mama yangu mdogo. Nimembeba mgongoni huyo, nimempangusa kamasi. Akasoma, akaenda kozi huko na huko, akarudi ameteuliwa meneja wa shamba letu. Tulifurahi jamani! Tukasema sasa tumepata mtu wetu, mtu anayejua njaa ya kambini ikoje. Nilimkumbatia mbele ya vibarua wote naye akaniita dada mbele yao wote. Hilo la dada mlikumbuke.

Haikupita muda akaja na fundi kutoka Arusha wakatundika kisanduku cha kijani kwenye boriti juu ya meza yetu, na waya ukapitishwa juu ya nguzo mpaka ofisini kwake, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake kule kilimani. Akatuambia ni spika. Jenereta ikiwashwa tutapata muziki wa redio tukiwa kazini, na yeye akiwa na tangazo atatutangazia kutoka kule kule bila kuteremka. Muziki ulipotoka mara ya kwanza tulipiga vigelegele, wajinga sisi. Bibi Lukresia alisimama akacheza na kikohozi chake. Tukamsifu Felisiani mpaka jina likachakaa.

Baada ya hapo mambo ya mezani yakaanza kutembea.

La kwanza lilikuwa la kuchekesha. Tulikuwa tumempa Felisiani jina la utani kwa ule mwendo wake wa kunyanyua magoti, tulimwita Korongo. Siku moja akaingia bandani, akasimama nyuma ya Bibi Lukresia, akasema kwa Kiiraqw, "Habari za asubuhi, Bibi. Korongo amekuja kuwaona." Tulicheka kwa kuona haya, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake. La pili halikuchekesha. Mwanamke mmoja alitunong'oneza kwamba ameficha kahawa kidogo kwenye kilemba ampelekee mama yake mgonjwa, na kabla hajafika getini mlinzi akamwambia afungue kilemba. Hakumgusa mwingine yeyote. Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

La tatu likawa la Leonida.

Shamba lile lilikuwa na desturi mbaya. Mchambuaji akionekana ana mimba anasimamishwa, kwa maelezo kwamba hawezi kukaa kutwa na kwamba atawachelewesha wengine. Leonida alipotwambia, tulijua maana yake: njaa kwa watu wawili na nusu. Tukapanga. Tumkalishe mwisho wa meza kwenye giza, debe lake tumbebee sisi. Mimi ndiye niliyemfunga tumbo kila asubuhi kwa kanga yangu, taratibu, nikimuuliza kama inambana, na jioni nikamfungua. Halikuonekana kitu. Hata mumewe alikuwa hajaambiwa, kwa hofu kwamba angemkataza kazi.

Akaitwa ofisini. Felisiani akamwambia, "Hongera. Nasikia ni miezi minne." Akampa barua ya kusimamishwa.

Leonida alirudi bandani na ile barua mkononi. Bibi Lukresia akapanda mwenyewe mpaka kilimani, akamuuliza Felisiani kwa heshima zote, mwanangu, nani aliyekwambia? Na Felisiani, na hapa ndipo hasira yangu ilipojenga nyumba, hakusema uongo wala kweli. Alitabasamu, akasema, "Nina watu wangu, Bibi."

Watu wake! Watu wake ni nani kama siyo dada yake? Ni nani aliyekwenda nyumbani kwake kila Jumapili kumwogesha mama yake aliyepooza? Ni nani aliyejua tumbo la Leonida kwa mikono yake mwenyewe? Wenzangu hawakuhitaji kuhesabu sana. Hakuna aliyeniuliza. Laiti hata mmoja angeniuliza!

Sisi Wairaqw hatuna kelele katika jambo hili. Mtu akionekana ameudhuru ujirani, anatengwa, basi. Hapigwi, hatukanwi. Asubuhi nikaenda kwa Leonida kuomba moto, kama tulivyofanya sote wakati ule viberiti vilipokuwa vya kutafuta. Moshi unaonekana juu ya nyasi za paa, na yeye ndani amekaa kimya. Nikaenda nyumba ya pili, kimya. Ya tatu, mtoto akatoka, akanitazama, mkono wa mama yake ukamvuta ndani. Nilirudi na kigae changu cha makaa kitupu nikakaa jikoni kwangu kwenye baridi, na ndipo nikaelewa kwamba nimehukumiwa. Usipopewa moto hukopeshwi hata kisu. Hunywi nao. Ng'ombe wako hasimami pamoja na ng'ombe wao. Ukipita njiani wanaacha njia. Hata jina lilikufa, nikawa "yule."

Nilijaribu. Nilisimama nje ya mlango wa Bibi Lukresia nikasema kwa sauti, "Bibi, wallahi sikusema, kwa kaburi la mume wangu sikusema!" Nikasikia akikohoa ndani. Hakufungua.

Naeku peke yake ndiye aliyenisalimu. Alinikuta kisimani akanijazia ndoo yangu mbele ya watu. Nikamwambia ataingia matatani. Akanijibu, "Mwiko ni wenu nyie. Mimi sijaona bado shahidi. Kwetu hata ng'ombe aliyeibiwa anatafutiwa nyayo kwanza."

Mezani wakagoma kukaa na mimi. Nyapara akaona kazi inasimama, akampelekea Felisiani habari. Felisiani akaniita, uso wa huruma, akasema, "Dada, hawa wanawake wana maneno. Njoo nyumbani kwangu ufue na kupiga pasi, malipo ni yale yale." Nikakubali kwa sababu karo ya Clemensi haisubiri mtu. Nilijua wenzangu watasema: mmeona? Ameshapewa zawadi yake. Na walisema. Felisiani naye aliona wazi kwamba nimebebeshwa mzigo wake, akaniacha nao. Aliniangalia kila siku nikianika mashati yake na akanywa chai yake ikashuka vizuri tu.

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa nyuma ya ofisi, mlango mmoja katikati. Asubuhi moja Felisiani aliondoka na Landrova kwenda Karatu kwa haraka, simu ya upepo ilikuwa imemwita kwenye mkutano. Mlango wa ofisi akauacha wazi. Nikawa napuliza mkaa wa pasi, nikasikia kitu kama mvua ndogo juu ya bati. Nikachungulia nje, jua. Nikasikiliza tena. Ile sauti ninaijua. Nimeisikia maisha yangu yote ya ukubwani. Ni kahawa inayokwanguliwa kwenye mbao.

Halafu mtu akakohoa.

Niliweka pasi chini, nikaingia ofisini. Juu ya meza ya Felisiani palikuwa na kisanduku cha kijani, ndugu ya kile cha bandani, ila hiki kilikuwa na swichi zake na taa nyekundu iliyoachwa ikiwaka. Na ndani yake walikuwamo wenzangu. Wote. Kikohozi cha Bibi Lukresia kilikuwa karibu yangu hivi. Kumbe spika ile ilikuwa na masikio! Ilikuwa inatuimbia kwa mdomo na kutusikiliza kwa mdomo huo huo, na yule aliyeketi kwenye kiti hiki alikuwa akinywa chai na kutusikia tukitaja siku zetu, vidonda vyetu, waume zetu. Alijua nani anapigwa na hakuwahi kuinua kidole. Meneja aliyemtangulia, ambaye alikuwa Mzungu, angekaa kwenye kiti hicho mpaka azeeke asiambulie kitu, maana lugha hakuijua. Huyu tulimfundisha lugha sisi wenyewe, tukiwa tumembeba.

Nikakaa kwenye kiti chake. Na nikiwa nimekaa pale nikasikia wananizungumza mimi.

"Anafua nguo zake sasa," alikuwa akisema Bibi Lukresia. "Mumewe alipokufa tulilala kwake mpaka matanga yakaisha. Nilimlisha kwa mkono huu. Kumbe nalisha nyoka."

Kisha sauti ya Leonida. Nilikuwa sijui kwamba siku zile alikuwa anakuja bandani kwa siri, wenzake wakimgawia kidogo kidogo katika chakula chao. Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua: "Mtoto huyu akizaliwa, Bibi, yule asimshike. Hata nikifa nikijifungua, asimshike."

"Mimi bado nasema hamna nyayo," akasema Naeku.

"Nyamaza, Naeku. Hujui kwetu," Bibi Lukresia akamkatiza.

Kulikuwa na kitufe cheupe. Nilishamwona Felisiani akikibonyeza wakati wa kutangaza saa ya kupima kahawa kwenye mizani. Nikakibonyeza. Sikuwa nimepanga la kusema. Lilitoka lenyewe, kwa Kiiraqw.

"Bibi Lukresia, hicho kikohozi chako kimefika mpaka huku ofisini kwa Felisiani. Leonida, nimekusikia. Umesema mtoto wako nisimshike. Naeku, ahsante mama. Nyayo mlizozitafuta ziko juu ya vichwa vyenu. Inueni macho mtazame hicho kisanduku. Ndicho kinachopeleka maneno."

Nikaachia kitufe. Halafu benchi likaanguka, mtu akapiga yowe, na nikasikia miguu yote inakimbilia mlangoni.

Felisiani aliporudi kutoka Karatu alitukuta tumejaa uani kwake. Wanawake walikuwa wamepanda kilimani, wamejifunga kanga viunoni, na waliingia ofisini mmoja mmoja kukisikiliza kile kisanduku huku Naeku amebaki bandani anaiimbia spika wimbo wa kwao. Hakuwa na pa kukanushia. Lakini msomi hakosi neno. Alijisimamisha akasema, "Hii ni mali ya shamba. Kahawa inaibwa, serikali inapambana na wahujumu uchumi, mimi nimewekwa hapa kulinda kahawa."

"Kahawa inapata mimba?" nikamuuliza.

Mtu mmoja nyuma alicheka, lakini mimi sikucheka.

"Dada, elewa, mimi sikumtaja mtu..."

"Ndiyo. Hukumtaja mtu. Ulitabasamu ukasema una watu wako, ukajua watanidhania mimi, ukaniacha. Umeniona nikiteka maji peke yangu. Umeniona sina moto. Sisi tulipoongea pale tulikuwa uchi, Felisiani. Mtu akichungulia mama zake wanaoga anaitwaje?"

Bibi Lukresia alimkaribia akamtazama kwa muda, na nadhani alitaka kutema mate, lakini ni yeye aliyempokea siku alipozaliwa. Akageuka. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mpaka waya ule ushuke na Leonida arudishwe mezani, hakuna mkono utakaogusa kahawa. Lori la kupeleka kahawa Moshi lilikuwa linatazamiwa, magunia hayajajaa. Felisiani aliupima muda wake, na waya ukashuka. Leonida akarudi kwenye nafasi yake, na tumbo lake likaachwa bila kufungwa kanga. Sidhani kama Felisiani aliona aibu. Aliona hasara.

Mngedhani mambo yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Kisanduku kilitolewa, lakini kila aliyetaka kusema jambo alitupa kwanza jicho kwenye boriti. Mazungumzo yakawa ya mvua na bei ya mahindi. Mwanamke mmoja alipigwa mwaka ule mpaka akavunjika mkono, nasi tukajua siku alipokuja na bandeji. Zamani tungejua mapema, tukamtoa. Hicho ndicho Felisiani alichokichukua, na hakuna mahakama niliyosikia inamshtaki mtu kwa hicho.

Walikuja kwangu jioni ile ile waya uliposhushwa, kuniondoa kwenye kutengwa. Bibi Lukresia alisimama mbele ya mlango wangu akaomba baraka kama inavyotakiwa, wengine wakaitikia, kwamba njia yangu iwe njia tena. Nilisimama nikawasikiliza. Sikuwa nalia. Leonida alisogea, tumbo mbele, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, tusamehe," alisema. "Sisi hatukujua kwamba kitu kile kinasikia. Kitu cha waya na mbao, nani angejua? Hatukukijua."

Nikamtazama. Nilitaka kunyamaza, kwa sababu alikuwa mjamzito na amesimama muda mrefu. Nilishindwa.

"Kile hamkukijua, ni kweli," nikamwambia. "Kililetwa juzi tu. Lakini mimi, Leonida? Mimi pia mlikuwa hamnijui?"

Alimgeukia Bibi Lukresia, na Bibi Lukresia akaangalia chini. Nikawaambia waingie ndani, nje kuna baridi. Waliingia, wakakaa, tukanywa uji, tukaongea ya mvua. Swali langu halijajibiwa mpaka leo.